Kitanda cha Bertha

Verediana Kalinga alikuwa amelea watoto wanane wa watu wengine kabla serikali haijagundua kwamba hana kibali.

Alianzia Igowole akiwa na miaka kumi na tisa, dada yake alipofariki na kuacha wawili. Akahamia Ilula kuuza nyanya barabarani, na watoto wakazidi kumjia. Wa mwisho, Matilda, aliachwa gengeni na mama aliyesema anakwenda chooni. Choo hicho kina miaka minne sasa.

Halafu ikaja Sheria ya Mtoto, nyuma yake kanuni, nyuma ya kanuni fomu. Sheria nzuri, hakuna ubishi, ila iliandikwa na watu wenye vitanda. Kipengele cha saba cha fomu kilitaka mtoto awe na kitanda chake mwenyewe. Verediana asipopata kibali, Matilda angepelekwa makao ya watoto Iringa mjini.

Verediana hakuwa na kitanda cha pili, lakini alikuwa na jirani. Kitanda cha Bertha kilikuwa kimeshafaulu ukaguzi katika nyumba tatu za mtaa ule, na kila kilipotoka kwenda kukaguliwa, Bertha alilala chini kwa ajili ya ustawi wa jamii.

Afisa ustawi, Sosthenes, alifika Jumanne kwa miguu, kwani gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe. Akakagua choo, akakagua maji, akaingia chumbani na kukikalia kitanda. Mkono wake ukagusa mguu uliofungwa mpira wa baiskeli, ukatulia hapo.

Fomu ilitaka pia mtoto asikilizwe. Akamuuliza Matilda analala wapi. Verediana akamtolea mtoto macho.

"Nalala na bibi," Matilda akasema. "Hiki cha mama Bertha. Kesho kutwa kinakwenda kwa mama Esnath."

Sosthenes akashusha kalamu. "Nimekikalia mara nne, bibi. Nakijua kuliko changu."

Verediana hakuomba radhi. Alitaka kujua kitu kimoja tu. "Huko makao, kila mtoto ana chake?"

Sosthenes akakohoa kidogo. "Wanalala wawili wawili."

"Basi na huku wawili. Ila mimi akikohoa usiku naamka."

Afisa akaandika "Hapana" kwenye kipengele cha saba, na moyo wa Verediana ukashuka hadi kwenye kandambili. Lakini aliendelea kuandika. Sehemu ya maoni ilikuwa na mistari miwili, akaijaza, akageuza karatasi, akaandika mgongoni mpaka chini: kibali kitolewe, na ofisi ilete kitanda.

Kibali kilifika baada ya miezi miwili, kina mhuri. Kitanda kiko njiani mpaka leo. Jumanne ile ile, kabla afisa hajafika barabarani, Verediana alimwita Bertha aje achukue chake, akalale kama binadamu, walau mpaka kesho kutwa.