Maisha ya Dada Brashi, Aliyetukataza Kumwinua Aliyeanguka

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo: doa la rangi nyeupe kwenye kisigino chake cha kulia, ukubwa wa kifungo cha shati. Nitalirudia doa hilo, kwa sababu paroko aliponiomba niandike maisha haya yasomwe siku ya kumbukumbu yake, aliniambia, "Andika yote, mwanangu. Maisha ya watu wa Mungu hayaandikwi nusu." Sisi hatuna mamlaka ya kumwita mtu mtakatifu, hiyo ni kazi ya Kanisa. Lakini ipo nusu ya maisha yake ambayo parokia yetu haijawahi kuisikia, na aliyeificha ni mimi.

Alizaliwa mtoto wa tatu wa mama mfua nguo na baba mpaka rangi, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya magari. Mama yake husema kwamba harufu ya kwanza aliyoinusa mtoto yule ilikuwa ya mafuta ya taa, maana baba alikuwa ameingia mbio kumwona kabla hajamaliza kusafisha mikono. Baba alifariki binti akiwa na miaka kumi na minne. Kaka zake wawili walikuwa wameshakwenda mbali kutafuta kazi, basi yeye akazichukua brashi, akazilainisha kwa siku tatu, akatoka. Majirani walicheka. "Mwanamke na ngazi wapi na wapi?" Alijibu, "Ngazi haiulizi." Wakamwita Dada Brashi, kwanza kwa kumkejeli, baadaye kwa heshima, na jina la ubatizo likabaki kwenye daftari la parokia tu.

Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti kutoka juu. Alipofikisha miaka ishirini alimfuata katekista akamwambia, "Mzee, wengine Mungu kawapa sauti, wanaimba. Mimi nikiimba hata padri atakimbia. Nipeni kuta." Tangu hapo kila mwaka alilipaka kanisa rangi bila malipo, ndani na nje, na alipokuwa juu ya ngazi alisali kwa sauti ya chini, sala moja kwa kila mstari wa brashi. Ukimwita katikati ya mstari hakuitika mpaka aumalize.

Mwaka aliotimiza miaka thelathini na minne, askofu alitangaza kututembelea. Jumamosi ya tarehe kumi na nne Agosti, wiki moja kabla ya ziara, Dada Brashi alikuwa akimalizia ukuta wa juu ya altare. Ngazi ilikuwa fupi, akaipandisha juu ya benchi. Kwaya ilikuwa mazoezini, wanaume kwa wanawake, na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa karibu na altare nang'arisha vinara vya mishumaa. Benchi liliteleza. Alianguka chali juu ya ngazi za altare, gauni likapanda hadi kiunoni.

Wasomaji wanisamehe, lakini hapa lazima niseme wazi. Hakuna aliyeuliza kama ameumia. Tuliona aibu kwanza. Wanawake walipiga kelele, "Msitirini! Jamani, msitirini mwenzenu!" Wanaume waligeuza nyuso ukutani. Juu ya altare kilikuwepo kitambaa cheupe kilichopigwa pasi kwa ajili ya askofu, kipana cha kutosha kumfunika mtu mzima. Hakikuguswa, kwa sababu ni kitakatifu. Badala yake alishikwa kwapani, akainuliwa, akakalishwa, gauni likashuka lenyewe, na kanisa zima likapumua. Halafu kichwa chake kikaangukia kifuani, akasema kwa mshangao tu, bila maumivu, "Miguu yangu mmeiweka wapi?"

Hospitalini alilala miezi saba. Daktari alimweleza mama yake mbele yetu kwamba ndani ya mifupa ya mgongo mnapita kamba ya mishipa ya fahamu, laini kama uji ulioganda, na kwamba mfupa ukishavunjika kamba hiyo inaweza kuwa bado nzima, mpaka mtu akunjwe au avutwe. Akauliza, "Nani alimwinua?" Tulikuwa sita chumbani. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyejibu: "Waliotaka kunisitiri, daktari." Daktari alisema hatutajua kamwe kama ni anguko au ni mikono. Parokia ililishika neno hilo kama blanketi wakati wa baridi.

Majaribu yake yalikuwa mengi, na mengi ni ya kuonea haya kuyasimulia, ila yeye mwenyewe aliyasimulia. Alipata vidonda vya kukaa, kimoja kikafika mfupani, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba mwili usiohisi hauwezi kujitetea. Tangu alipofundishwa, kila nusu saa alijiinua kwa mikono kutoka kwenye kiti cha magurudumu, hata katikati ya misa, na wageni walidhani anajaribu kusimama wakaanza kumwombea. Mkojo wake ulipitia kwenye mpira mwembamba hadi kwenye mfuko wa plastiki. Jumapili moja mfuko ulivuja, na mama mmoja wa heshima akahama benchi huku ameziba pua. Dada Brashi akamwita, "Shangazi, rudi. Kiti changu kinavuja, imani yangu haivuji." Kanisa lilicheka, shangazi akarudi akiwa amejiinamia, na toka siku ile ndiye aliyekuwa akimbadilishia mfuko.

Wapo waliosema kaadhibiwa kwa kupanda juu ya altare, mwanamke mzima. Wapo waliomfungia mlango wakisema mikosi huambukiza. Hakujibizana nao. Aliomba asukumwe kila mahali watu wanapoanguka: kwenye majengo yanayojengwa, kwenye kituo cha pikipiki, kwa wapagazi wa sokoni, kwenye mabwawa wanakojitupa vijana kichwa mbele. Mimi ndiye niliyemsukuma, miaka kumi na moja. Mama yake alitaka kumtafutia kijana mwenye nguvu, yeye akakataa. "Kazi nampa huyu," alisema, akanitazama kwa muda. "Mikono yake naijua."

Mafundisho yake yalikuwa mafupi. "Mgongo si gunia. Mtu akianguka, mwacheni alivyo. Mmoja apige magoti ashike kichwa, kisiende kushoto wala kulia. Msimkalishe, msimpe maji, msimkunje kwenye pikipiki. Iteni msaada. Ikibidi kumhamisha, tafuteni ubao, mshikeni watu sita, mgeuze mwili wote pamoja kama gogo." Mwishoni aliongeza daima, "Na kama nguo imepanda, msitirini pale pale alipo. Kwa kitambaa chochote. Hata cha altare." Kila alipofika hapo nilijifanya natazama magurudumu.

Katika mambo ya ajabu yanayokumbukwa, moja lilishuhudiwa na watu wengi. Mwashi mmoja alianguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo la soko. Wenzake wawili walikwishamshika miguu wamvute, na msimamizi akafoka, "Mwinueni upesi, mnamwacha kwenye vumbi kama mbwa?" Mchanganya zege, mtu asiyejulikana kwa busara yoyote, akajilaza juu ya miguu ya mwenzake akapiga kelele, "Hagusi mtu! Dada Brashi alisema nini? Alisema nini?" Wakang'oa mlango wa stoo. Muuza saruji alishika kile kichwa kwa viganja vyake karibu saa nzima, mpaka mikono ikamfa ganzi. Mfupa ulikuwa umevunjika, kamba ilikuwa nzima. Leo mwashi huyo hupeleka sadaka altareni kwa miguu yake, na huchelewesha misa kwa makusudi, anatembea polepole ili tumwone.

Alifariki tarehe tisa Februari, akiwa na miaka arobaini na mitano, kwa homa iliyoanzia kwenye figo. Paroko alipompaka mafuta alimtania, "Padri, brashi yako ndogo sana." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Mchanganya zege, muuza saruji na mwashi walikuwa miongoni mwa sita waliobeba jeneza, wakilishika sawasawa, wakigeuka pamoja kwenye kona kama alivyowafundisha.

Anayetaka kumfuata asianze na ngazi wala na mateso. Aanze na kutulia. Mwenzako akiwa chini na macho ya watu yako juu yake, piga magoti, mfunike, msikilize kabla hujamgusa. Hilo tu ndilo alilotuachia, na mimi nilikosa hilo hilo.

Dada, kitambaa kile cheupe cha altare nilikifua kwa mikono yangu kifunike jeneza lako, na hata hapo sikusema. Ulipolala pale kwenye ngazi za altare, kiatu kilikuwa kimekutoka, na kile kisigino chenye doa jeupe kilikuwa kinajisogeza. Vidole vilikuwa vinacheza. Ulinong'ona, "Sakafu ina baridi. Niache kwanza." Hakuna mwingine aliyekuwa karibu hivyo. Nilikusikia, Dada. Nikakuinua.