Moto wa Mabua

Muuza nyama anababua kichwa cha mbuzi, na harufu ya ngozi inayoungua inanirudisha utotoni.

Shuleni kwetu, huku milimani, walikuja wasanii kutoka Lituhi, ziwani, kutufundisha ngoma na maigizo. Mimi nilikuwa na kigugumizi. Wenzangu waliniiga mpaka nikaacha kunyoosha mkono darasani. Lakini mpiga ngoma wao alinisimamisha kando yake akasema, "Sema ngoma ikilia, mwanangu. Ifuate tu." Nikasema. Maneno yalitoka mazima, mwenyewe nikashangaa. Wakanipa nafasi ya mama mkwe katika igizo.

Siku wazazi walipoalikwa, ukungu ulishuka, ngozi ya ngoma ikalegea. Kila asubuhi nilikuwa nikimwona mpiga ngoma akiipasha kwa moto wa mabua ya mahindi, kwa mbali, akiizungusha mpaka ikaze. Sikumsubiri. Niliisogeza karibu nikaongeza mabua, maana nilitaka ilie kuliko siku zote. Ikajikunja, ikanuka, ikapasuka.

Alikuja mbio. Hakunipiga. Alipitisha kidole kwenye mpasuko, akauliza taratibu, "Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo. Niling'ang'ana na ile "mi" ya mwanzo mpaka machozi yakanitoka.

"Mwache," mwalimu akamwambia. "Huyo hasemi."

Nafasi ya mama mkwe akapewa mwingine, wakaigiza kwa kupiga makofi badala ya ngoma.

"Nikukatie wapi, mama?" muuza nyama ananiuliza.

Ninamwonyesha kwa kidole.