Nilimfungia Mama Esupat mashine kwa kufuli, kumbe volti zangu zilikuwa zinaishia njiani

Wakuu, salaam. Niko Kaloleni, Arusha, natengeneza vidude vya elektroniki chumbani kwangu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijapunguza kitu, hata pale ninapoonekana mjinga. Tangu jana nakaa, nasimama, situlii. Bora niyatoe.

Nilimtengenezea Mama Esupat wa Oldonyo Sambu mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai hayakuwa yake. Akina mama wenzake wa kikundi cha kanisani walileta kila mmoja ya kuku wake, wakamkabidhi yeye.

Mfumo wenyewe ni rahisi. Kompyuta ndogo inasoma joto, inatuma namba kwa DAC, na DAC inageuza namba kuwa volti, 0 hadi 5.

Kidhibiti cha hita kinataka 0 hadi 10. Nikaweka op-amp, kikuza volti, yenye gain ya 2, yaani inazidisha mara mbili. Tano mara mbili ni kumi, au siyo?

Nikaitest chumbani siku mbili, joto likakaa 37.5 bila kuyumba. Nikajiona fundi kwelikweli.

Sasa kule juu Oldonyo Sambu mwezi wa saba baridi si mchezo. Siku ya tatu akanipigia: "Baba, hili sanduku lako lina baridi."

Nikapanda. Kioo kinasema joto 35, hita asilimia 100. Nikahukumu palepale: huyu mama anafungua mlango kuchungulia.

"Sifungui, mwanangu," akasema.

Sikumsikiliza. Mayai yanageuzwa na mota, hakuna haja ya kufungua, kwa hiyo nikatia kufuli na ufunguo nikashuka nao mjini. Wakuu, hapo ndipo roho inaniuma.

Zikapita siku mbili. Nikarudi. Kufuli liko vilevile, joto 35. Sasa nani kafungua?

Ndipo nikapima volti zinazotoka kwenye op-amp, kitu nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Code inaamuru kumi, inatoka saba na nusu!

Op-amp nilikuwa nimeilisha kwa adapta ya volti 9. Haiwezi kutoa zaidi ya inachopewa, na hii hata tisa yenyewe haifiki. Ile asilimia 100 kwenye kioo ilikuwa amri yangu tu, siyo kilichofika kwenye hita. Chumbani kwangu kuna joto, hita haikuwahi kuhitaji kupanda huko.

Nikaihamishia kwenye betri ya sola ya Mama Esupat, volti 12. Ikatoka kumi. Joto likapanda.

Nikamwambia, "Mama nisamehe, kosa ni langu."

Akanijibu taratibu: "Mimi nimeshawaomba wenzangu msamaha. Nimewaambia labda nilifungua nikasahau."

Mama wa watu alikuwa ameanza kujishuku kwa sababu yangu.

Jana baada ya ibada nikasimama mbele ya kikundi. Nikaeleza mambo ya volti. Mmoja akauliza: "Kwa hiyo Mama Esupat hakufungua?"

"Hakufungua."

Mama Esupat akajifunika uso kwa khanga, akalia. Mayai tuliyamulika kwa tochi, yaliyo hai ni kumi na matatu. Mengine nimeyaua mimi.

Wakuu, gain ya kwenye karatasi siyo gain. Pima output ikiwa juu kabisa, na kifaa inachoendesha kimeunganishwa. Na mteja akikwambia sanduku lina baridi, tia mkono ndani kabla hujafungua mdomo.

Wenye kunisema, uwanja ni wenu. Wale akina mama walinisema kidogo mno, wakanipa na chai.