Kola Zilizopinda

Mkaguzi wa ile karakana ya kushona sare za shule waliyemwita Mama Jicho alikaa katikati ya chumba, chaki ya bluu mkononi, mdomo haumlali. Kwa miaka kumi na tisa alipokea mashati, akayageuza nje ndani, na penye kasoro akapiga alama ya mkasi. Alijigamba kwamba yeye hana haja ya kukaa na mtu ili amjue. Mpe kola tu. "Huyu mchoyo, tazama anavyoubana uzi. Huyu amepata mchumba, mishono inarukaruka." Watu walicheka wakashika mbavu. Alipokosea hakuna aliyeweka hesabu, hata yeye mwenyewe.

Basi akaja fundi mpya, mwanamke mwembamba ambaye hazikupita siku mbili akabandikwa jina la Bubu. Alipewa cherehani ya ukutani, iliyokuwa imebaki bila mtu. Asubuhi Mama Jicho akampitia. "Umeamkaje, mwanangu?" Kimya. Hata kichwa hakuinua. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Mama Jicho akasusa kumsalimu, na kola za Bubu zilipofika mezani zimepinda kushoto, hakujiuliza mara mbili.

"Kiburi hicho," akawaambia wenzake. "Asiyejali watu atajali kola?"

Siku moja Bubu akaja mezani na shati mkononi. "Samahani, mama. Ile cherehani inavuta kitambaa."

"Inayovuta ni mikono yako," Mama Jicho akamjibu bila hata kumtazama. Chumba kizima kikaangua kicheko. Bubu akarudi kwenye kiti chake na hakulisema tena jambo hilo.

Mwisho wa mwezi bosi alitaka maelezo ya kila fundi. Wengine Mama Jicho aliwaandikia mistari mitatu minne. Kwa Bubu aliona unatosha mmoja: Hana moyo wa kazi. Jumatatu kiti cha ukutani kilikuwa kitupu.

Wiki hiyohiyo zikamiminika oda za shule tatu kwa mpigo, bosi akaamuru kila anayejua kushona ashone. Mama Jicho akaangukia cherehani ya ukutani. Nyuma ya ukuta ule jenereta ilinguruma kiasi cha kumtikisa meno. Binti aliyetia vifungo alipita akamsalimu, yeye hana habari; alipoguswa bega ndipo akainua kichwa, na kitambaa kikamponyoka upande wa kushoto. Tangu hapo hakuthubutu kuinua kichwa tena. Kufika saa sita alikuwa ameshona kola thelathini, na kumi na moja zilikuwa zimepinda.

"Cherehani hii mbovu!" akafoka. "Nani anaweza kushonea hili dude?"

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe: ndiyo yaleyale aliyoletewa na Bubu. Akainama kuangalia chini ya mashine, akakuta karatasi iliyokunjwa mara nane imepachikwa ili mashine isiyumbe, kingo zake zimechakaa kwa kutolewa na kurudishwa. Mtu asiye na moyo wa kazi hahangaiki hivi, alijua, na aibu ikamchoma.

Akaenda kwa bosi na ile karatasi. Bosi akamsikiliza, akakuna kidevu. "Lakini mama, si wewe uliyeandika? Mimi nilikuamini wewe." Fundi wa mitambo akaitwa. Akafungua skrubu mbili, akabadilisha meno yanayosukuma kitambaa, akafunga. Ilimchukua robo saa.

Mama Jicho akaomba namba ya Bubu, akatoka uani na binti wa vifungo, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri tarakimu ndogo za simu. Binti akampigia. Simu ikaita hadi ikakatika. Wakapiga tena. Mara ya tatu ikakatwa baada ya mlio mmoja.

"Amekata," binti akasema. "Kwa nini, mama?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, lilelile la siku zote, limekuja lenyewe kabla hajaliita. Mama Jicho akalimeza kwa shida.

"Sijui, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka. "Mimi simjui yule mtu."