Laptopu Yangu Mpya Mbele ya Baba Mkwe

Nilichoka kupuliza vumbi kwenye kompyuta yetu kuukuu, nikanunua laptopu mbili za bei nafuu, zile ambazo kazi zako zote hukaa mtandaoni. Moja nilimwachia mke wangu, Akiru, na mwanetu Ekal, nyumbani Kanamkemer, mjini Lodwar. Nyingine nikaibeba hadi Kakuma, kwa baba yake. Ng'ombe wa mahari nilikuwa bado sijawatoa, na nilitaka mzee anione mtu wa maana.

"Baba," nikamweleza, "Akiru akiandika neno kule Lodwar, linaonekana hapa papo hapo."

"Kweli? Hebu aandike."

Nikamtumia Akiru ujumbe kwa simu: "Andika lolote kwenye ukurasa wetu." Sikumwambia nani anatazama. Nikaigeuza skrini, nikakunja mikono kama mwalimu. Maneno yakaanza kujitokeza, na shemeji yangu Lokwang akayasoma kwa sauti:

"Baba Ekal, mzee akiuliza ng'ombe, mwambie bado wako malishoni Kainuk. Asijue kwamba hatujanunua hata mmoja."

Mzee akaisogelea skrini, akaigusa kwa kidole.

"Mashine nzuri sana hii," akasema. "Sasa muulize mwanangu, hao ng'ombe wa Kainuk wanakula nini?"