Ua wa Kulilia

Nyumba yetu ya Al Baraha, hapa Dubai, ni kongwe, na sioni haya kusema ni nzuri kuliko magorofa yote yaliyoizunguka. Wazee wangu walihamia hapa kutoka Unguja, nami nimezaliwa humu. Katikati ina ua mpana. Lakini watu wamezidi mji huu, jamani, na kila mwenye nyumba akiona pa wazi anataka ajenge vyumba apangishe. Arbab wetu, mwenye nyumba, naye akanipa habari: anakuja kupima ua.

Siku aliyokuja alikuta mikeka imetandikwa. Dada mmoja wa Uganda, mlinzi wa maghala kule Ras Al Khor, alikuwa kafiwa na mama yake. Anakaa International City, chumba kimoja na wenziwe wanaolala kwa zamu. Alipoangua kilio akaambiwa anyamaze, watu wametoka kazini. Lo! Mtu afiwe na mama halafu alie kwa kunong'ona? Nikamwambia njoo kwangu. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, hilo halikunishughulisha. Kwetu msiba hukaliwa mkekani, na mikeka hutaka ua.

Arbab akaingia na fundi aliyeshika futi kamba. Wakati huohuo mazishi yalikuwa yakionekana kwenye simu, nami ndiye niliyemshikia yule dada. Jeneza likateremshwa. Akapiga ukelele, "Mama, sijakuzika!"

Arbab akaniuliza taratibu, "Ni ndugu yako?"

"Leo ni ndugu yangu. Na nyumba yenye msiba haipimwi, arbab. Ngoja matanga yaishe."

Akampa yule dada pole, akaondoka na fundi wake. Nilijua atarudi, mpangaji hana ubavu wa kumkataza mwenye mali. Aliporudi sikumngoja aanze.

"Kata chumba changu mara mbili, upangishe nusu. Ua niachie."

Akacheka, akidhani namtania. Nikamfungulia mlango wa chumba akione. Alitazama chumba, akatazama ua.

"Khalas," akasema, yaani basi, kakubali.

Sasa jirani akikohoa nyuma ya ubao uliokigawa chumba, utadhani yuko kitandani mwangu. Nimebanwa, ndiyo, na sijuti hata chembe. Juzi akabisha hodi mwanamke nisiyemjua, Mkenya, bado kavaa sare ya hoteli, macho mekundu.

"Samahani, mama. Nimeambiwa hapa mtu anaweza kulia."

"Ingia, mwanangu. Lia kwa sauti."