Mpira wa Dirisha la Jikoni

Timu sitazitaja kwa majina. Hapa kwetu ukiitaja timu ya mtu halafu ukaongeza sentensi ya pili, umejitafutia kesi. Nitazitaja kwa rangi za jezi, na mwenye timu atajijua.

Yangu ni Bluu. Tuko Januari, katikati ya msimu, na nina haya ya kusema juu yake: inanunua wachezaji kama mama anayenunua vyombo vya wageni. Kabati limejaa sahani za maua, watu wa nyumbani wanakula kwenye sufuria. Kila kocha anayekuja anaomba wapya, na wale wa zamani wanabaki benchi wakitafuna bigijii. Naipenda hivyo hivyo. Nimeipenda tangu utotoni Nyamisangura, ambako baba yangu alikuwa na duka dogo lenye televisheni juu ya friji. Mimi na kaka zangu tulikuwa tunakaa juu ya magunia ya mchele kuangalia mechi, mpaka wateja wanajipimia sukari wenyewe.

Baba mkwe wangu ni Wekundu, na ugonjwa wake ni wa zamani kuliko wangu. Wekundu ni timu iliyowahi kubeba kila kikombe, na sasa inaishi kwa kuwakumbusha watu. Ukimwambia mtu wa Wekundu kwamba wako katikati ya msimamo, anakujibu kwa fainali iliyochezwa wewe ukiwa hujazaliwa. Zizi limebaki na ndama, lakini yeye bado anasimama mlangoni na fimbo akisubiri ng'ombe warudi.

Nilipoolewa Nyamwaga nilifurahi kusikia kwamba nyumba ninayokwenda ina televisheni na king'amuzi, na mzee wa nyumba ni mtu wa mpira. Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni ukwe. Kwetu Wakurya, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Sikai naye sebule moja. Simpi kikombe mkononi, nampa mama mkwe, naye anampa. Tukikutana njiani napisha mapema na kutazama migomba. Shikamoo ipo, ya mbali, na anaiitikia akiangalia upande mwingine. Hakuna ubaya wowote ndani yake, nimelelewa hivyo na sina ugomvi nao. Lakini televisheni ilikuwa sebuleni, na sebuleni alikuwa yeye.

Mume wangu hakuona tatizo liko wapi. Yeye ni fundi wa magari Kewanja, anarudi mwisho wa wiki, na mpira kwake ni watu wazima wanaogombania kitu kisichotoa maziwa. "Si uangalie kwenye simu?" akasema. Mtandao wetu ulivyo, mchezaji anainua mguu leo, anapiga kesho.

Basi nikagundua dirisha. Jiko letu liko nje, linatazamana na dirisha la sebule. Nikikiweka kigoda changu pembeni ya mlango wa jiko, naona nusu ya kushoto ya kioo cha televisheni. Mzee simwoni, maana kiti chake kiko upande wa pili wa ukuta, naye hanioni. Nilimuuliza mama mkwe kama kuna kosa. Akaendelea kusonga ugali, kisha akasema, "Wewe si unapika? Dirisha umelikuta."

Kwa hiyo maoni yangu yote juu ya mpira wa Ulaya msimu huu ni maoni ya nusu ya kioo, na ninayasimamia. Mpira ulikuwa unakimbia na kupotea katikati kama kuku aliyeingia nyuma ya ghala, nami nasubiri utokee. Bahati nzuri magoli huandikwa kwenye kona ya kushoto, hivyo matokeo sikuyakosa.

Weupe wa Hispania, kwa mfano, siwapendi, ila sitathubutu kuweka neno langu dhidi yao. Wanacheza vibaya, wanazomewa na watu wao wenyewe, halafu dakika za mwisho wanafunga. Kila kijiji kina mtu wa namna hiyo. Kwenye kulima humwoni, chakula kikiiva yeye ndiye wa kwanza kunawa. Wapinzani wao wenye jezi za mistari wanacheza vizuri mpaka unasahau mboga jikoni, lakini nyuma wanaacha wazi kabisa. Mtu haendi sokoni bila kufunga zizi. Waitaliano nao wakipata goli moja wanalikalia, na watu wanasema wanachosha. Sisi wa Tarime tusiwacheke, tunajua maana ya kulinda ulicho nacho. Ligi ya Wajerumani huwa naiacha Krismasi, kwa sababu bingwa anajulikana kabla pilau haijaiva. Na wale Bluu Mpauko, ambao watu huwachanganya na timu yangu na kunikera, walizoea kupiga pasi mpaka mpinzani anasinzia. Msimu huu wanasinzia wenyewe.

Mzee naye alikuwa na maoni yake, na yalinifikia bila kutumwa, kwa kuwa sauti yake ni ya mtu aliyekulia machungani. "Piga, mura! Unamsubiri nani?" Kila mchezaji kwake ni mura, kijana, hata golikipa mwenye mvi. Nilikuwa nacheka peke yangu mbele ya mafiga.

Katika miezi hiyo alianza kulalamikia televisheni. Imefifia, alisema. Mume wangu akamletea nyingine kutoka Sirari, pana kama mlango, mpaka meza ikaonekana ndogo. Hazikupita wiki nyingi mzee akasema hii nayo imefifia, siku hizi vitu vinatengenezwa ovyo. Mume wangu akamwambia pole pole waende hospitali wakapime macho. Akakasirika. "Macho yangu mazima. Televisheni ndiyo mbovu." Tukayaacha.

Halafu ikaja Jumamosi moja alasiri. Mwenzake wa rika, mtu waliyetahiriwa naye msimu mmoja, alikuwa amekuja kuangalia naye mechi kama kawaida yao. Watu wa rika moja wanataniana bila breki, na yule mzee mgeni hana timu, kazi yake ni kushangilia yeyote anayewafunga Wekundu. Siku hiyo Wekundu walicheza ugenini, na wenyeji wao nao huvaa jezi nyekundu, hivyo Wekundu wakavaa nyeupe. Nikamsikia baba mkwe: "Piga, mura! Piga!" Nikatazama. Aliyekuwa anataka kupiga alikuwa adui. Nikadhani ni kejeli. Adui akapiga, goli likaingia, na mzee akapiga makofi na kupaza sauti kwa furaha ya kweli.

"Wewe," mwenzake akasema, "umehama timu lini?"

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikakumbuka yale makofi ya taratibu ninayomsikia akiyapiga juu ya meza akitafuta kikombe, na jinsi mama mkwe anavyokiweka mahali pale pale kila siku. Mzee alikuwa haoni. Alikuwa anaona rangi tu, na siku hiyo rangi zilimsaliti.

Sikupanga nilichofanya. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu yangu akichambua maharage, nikampigia kelele kama yuko ng'ambo ya mto. "Mama! Wekundu leo wamevaa nyeupe! Nyeupe, mama! Na wamefungwa moja!"

Mama mkwe akanitazama kama vile nimepandisha mashetani. Kisha akatazama dirisha, akainamia maharage yake.

"Nilikuwa nawachokoza tu," tukamsikia mzee akimwambia mwenzake. Halafu, kwa sauti yake ya kawaida: "Haya, weupe, amkeni!"

Kesho yake mama mkwe alikuja jikoni na uso wa kazi. "Mzee amesema unaongea sana huku."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndala. Nikajua mpira wangu umekwisha, hata ile nusu.

"Amesema Jumamosi uongee tena," akaendelea. "Ila upaze sauti, na usimeze maneno."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtangazaji. Niligundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mtangazaji wa televisheni anajua kwamba unaona, kwa hiyo anakupigia stori za mchezaji alikozaliwa na kocha alivyonuna. Wa redio anajua huoni, hivyo mpira hauachi hata akipaliwa. Mimi nikawa redio. "Mama, namba saba anao, kushoto, anamtazama beki, kampita, kaanguka, si faulo huyo ni mwongo tu!" Mzee alikuwa akijibu kupitia mama huyo huyo. "Mwambie ni faulo." "Mwambie baba, mwamuzi kakataa." "Mwambie mwamuzi hana adabu." Mama mkwe hakuwa na haja ya kupeleka neno lolote, wote tulisikiana vizuri, lakini kila neno lilipita kwake kwa heshima, na yeye akilikubali kwa kichwa. Mwisho akaanza kuwa na maoni yake. Anawapenda magolikipa wa timu zote. Anasema ndio pekee wanaolaumiwa kwa makosa ya wengine, kama mama wa nyumba.

Shida ilikuwa ile nusu ya kulia. Mpira ukienda huko nilikuwa sina cha kusema. Ningesogea dirishani ningeuona, lakini ningemwona na mzee kitini kwake, na hilo halikuwezekana. Siku moja Wekundu wakafunga huko huko. Mimi niliona namba tu ikibadilika kwenye kona. "Goli, mama! Wekundu!"

"Mwambie limeingiaje?" mzee aliuliza.

Sikujua. Akauliza tena, safari hii bila kusema mwambie. Niliumia, nasema kweli. Mtu anayeipenda timu namna ile, kumwambia goli limeingia bila kumwambia limeingiaje ni kumpa ugali mkavu.

Jambo jingine lililoniuma ni yule mwenzake. Mzee alikuwa amemwambia asije kwa sasa, ana mafua. Mafua yakavuka mwaka. Kuliko mwenzake ajue, alikubali kukaa peke yake na kiti kitupu pembeni, na ukimya ule baada ya mechi, ambao zamani ulikuwa wa matusi ya kirafiki, tuliusikia mpaka jikoni. Mama mkwe alikuwa akisema, "Aibu inamla huyu kuliko macho."

Ndipo Januari ikatuletea Bluu na Wekundu. Mechi hiyo hata mafua ya kweli hayawezi kuizuia. Nilikuwa nimebandika maharage mapema, nimekaa kwenye kigoda, nikasikia kikohozi cha yule mzee wa rika uani, ndani ya koti lake la mnadani. Hakuitwa. Aliingia sebuleni akisema kwamba kama ni mafua na yeye ameyachoka, amekuja ayapate wafe wote.

Nikapanga namna ya kutangaza bila mgeni kushtuka. Sikuipata. Timu zilikuwa zinatoka kwenye handaki.

Mara nikasikia meza inaburutwa sebuleni. Kioo kikatoweka dirishani. Nikadhani wamegombana. Mama mkwe akasimama, akakaa. Meza ikaendelea kuburutwa, kitu kikagonga ukuta, na televisheni ikatokea dirishani, yote, imegeuzwa uso kuja kwetu. Ile televisheni pana kama mlango ilijaza dirisha lote, na nyuma yake sikuona mtu wala kiti. Uwanja wote ulikuwa mbele yangu, kushoto na kulia, kijani mpaka pembeni. Tangu niolewe sikuwahi kuuona.

"Sasa sisi tutaangalia nini?" mgeni aliuliza ndani. "Mgongo wa televisheni?"

Nikamsikia mzee akikaa kitini kwake.

"Mimi sioni," akasema. "Tangu mavuno sioni. Nilikuwa nakudanganya."

Nilitegemea utani, maana kwa watu wa rika hata msiba una utani wake. Haukuja. Nilichosikia ni kiti cha pili kikivutwa karibu na cha kwanza, nyuma ya televisheni, na mgeni akisema, "Sogea basi, tusikie wote."

Kisha sauti ya machungani, iliyoshushwa kidogo, ikaja kupitia dirishani kwa mama mkwe.

"Mwambie aangalie. Televisheni ni nzima."

Mama mkwe akanigeukia anipe ujumbe, kama kawaida. Akanigusa goti. Nikapaza sauti.

"Mama, mpira umeanza. Wekundu leo wamevaa nyekundu."